Kuwania ubunge Kenya: hesabu huanzia siku ya kura na kurudi nyuma

Mama mmoja wa eneobunge letu, mfanyabiashara wa nafaka, alifika katika afisi ya msimamizi wa uchaguzi akiwa na sahihi 1,016. Ilikuwa Juni 2022, siku ya mwisho ya kupokea stakabadhi, nami nilikuwa nimembebea faili. Katiba inamtaka mgombea huru wa Bunge la Taifa aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000, naye alikuwa nao na ziada ya kumi na sita. Karani akaanza kulinganisha nambari za vitambulisho na sajili ya wapiga kura, ukurasa baada ya ukurasa, akiteremsha rula chini ya kila mstari. Kufikia ukurasa wa tano kalamu yake nyekundu ilikuwa imepita mara nyingi kuliko nilivyotaka kuhesabu. Sahihi nyingi zilikuwa zimekusanywa sokoni, siku ya soko, na soko letu liko mpakani. Nusu ya wauza mboga huvuka daraja asubuhi kutoka eneobunge jirani na kurudi kwao jioni. Watu thelathini na kitu katika orodha ile walikuwa wapiga kura halali kabisa, ila wa ng'ambo ya daraja. Zilikuwa zimesalia dakika ishirini kufika saa kumi.

Hakugombea. Mpaka leo nikipita dukani kwake huwa naona kama ningelisoma sheria mapema zaidi, mambo yangalikuwa tofauti. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya wale wanaopanga kuwania mwaka 2027 na kwa ajili ya jamaa na marafiki watakaowabebea faili.

Wengi wetu hudhani safari ya kuwania huanza siku ya kupeleka karatasi kwa IEBC, yaani Tume ya uchaguzi. Siku hiyo ndiyo ya mwisho. Sheria ya Kenya imepanga mambo kwa kuhesabu nyuma kutoka siku ya kura, na kila kituo katika hesabu hiyo kina watu wake kinaowaacha nje. Anayekuja kuuliza habari za fomu mwezi wa tano huenda alishaondolewa mwezi wa pili bila kujua.

Tuanze basi na siku ya kura yenyewe. Ibara ya 101 ya Katiba inasema uchaguzi mkuu wa wabunge hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mwaka 2022 ilikuwa tarehe 9. Mwaka 2027 itakuwa tarehe 10 Agosti. Rudi nyuma miezi sita, unafika Februari 10: kufikia hapo mtumishi wa umma anayetaka kuwania awe ameshajiuzulu. Rudi nyuma miezi mitatu, Mei 10: kufikia hapo anayetaka kuwa mgombea huru awe ameshatoka katika chama chochote. Rudi nyuma siku 60, karibu Juni 11: karatasi za uteuzi ziwe zimeshafika kwa Tume. Katikati ya tarehe hizo kuna nyingine ndogondogo, na IEBC hutangaza kalenda kamili katika gazeti rasmi la serikali. Kalenda hiyo ndiyo ya kubandikwa ukutani. Hizi nilizotaja ni za kukusaidia kupanga kabla haijatoka.

Nani anaruhusiwa

Ibara ya 99 ndiyo mama wa yote. Ni fupi, ina lugha nyepesi, na imejaa mambo ambayo watu huyasimulia visivyo.

La kwanza, lazima uwe umeandikishwa kuwa mpiga kura. Katiba haisemi uwe umeandikishwa katika eneobunge unalolitaka. Nimesikia watu wakivunjwa moyo kwa sababu kura yao iko Nairobi na wao wanataka kuwania nyumbani, au kinyume chake. Kwa ubunge hilo si kizuizi. Wanaotakiwa kuwa wa eneobunge lile lile ni wale wanaomuunga mkono mgombea huru, na hapo ndipo mama wa nafaka alipojikwaa.

La pili ni umri. Hakuna umri maalumu wa ubunge. Ukiweza kupiga kura, yaani ukitimiza miaka 18, umri wako umetosha. Mwaka 2017 wapiga kura wa Igembe Kusini, kaunti ya Meru, walimchagua John Paul Mwirigi akiwa na miaka 23, angali mwanafunzi wa chuo kikuu, na akiwa mgombea huru. Mwaka 2022 Linet Chepkorir alichaguliwa kuwa Mwakilishi wa Kike wa Bomet akiwa na miaka 24.

Mfano wa Mwirigi unatuleta kwenye suala la shahada, ambalo limewachanganya Wakenya kwa zaidi ya mwongo mmoja. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, katika kifungu cha 22, ilikuja kudai kwamba mwaniaji wa ubunge awe na shahada ya chuo kikuu. Kisha utekelezaji wake ukaahirishwa, ndiyo maana mwanafunzi aliweza kuingia Bungeni mwaka 2017. Ulipokaribia uchaguzi wa 2022, suala lilifika mbele ya Mahakama Kuu, nayo ikatangaza kwamba takwa hilo kwa wabunge linakiuka Katiba. Kwa hivyo wawaniaji wasio na shahada waliidhinishwa mwaka huo. Kwa urais na ugavana shahada ilibaki kuwa sharti, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa, maana redioni mambo haya hutajwa kwa pumzi moja. Kama huna shahada, usikate tamaa kwa neno la kijiweni. Lakini fuatilia Bunge na mahakama hadi siku ya mwisho, kwa sababu hili ni jambo ambalo limekwisha kubadilika zaidi ya mara moja.

Kisha kuna orodha ya wanaozuiwa. Aliyekuwa kamishna wa IEBC ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi hawezi. Ambaye hajakuwa raia wa Kenya kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi hawezi. Mtu asiye na akili timamu, aliyefilisika na bado hajaondolewa katika hali hiyo, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyepatikana kuwa alitumia vibaya ofisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na maadili, wote hawa mlango umefungwa.

Hapo kwenye kufilisika pana neno la kusema. Kudaiwa si kufilisika. Mtu anaweza kuwa na mkopo wa benki, mkopo wa masomo na deni la chama cha akiba na mikopo, akose usingizi kwa ajili yake, na bado aruhusiwe kuwania. Kufilisika kunakozungumziwa na Katiba ni hali inayotokana na amri ya mahakama. Nimewaona vijana wazuri wakijiondoa kwa aibu ya madeni ambayo sheria haikuwa hata inayauliza.

Kuhusu hatia na Sura ya Sita, soma Ibara ya 99 hadi kijifungu cha tatu. Kinasema mtu hazuiliwi mpaka nafasi zote za kukata rufaa au kuomba uamuzi upitiwe upya ziwe zimekwisha. Ndiyo maana unaona jina la mtu mwenye kesi kubwa likibaki kwenye karatasi ya kura, na raia wanashangaa. Mlango huo pia huweza kufungwa ghafla. Mike Mbuvi Sonko, aliyeondolewa katika ugavana wa Nairobi, alitaka kuwania ugavana wa Mombasa mwaka 2022. Rufaa yake ilikuwa ingali hai mpaka Julai 15, wiki chache tu kabla ya kura, Mahakama ya Juu ilipothibitisha kuondolewa kwake. Safari yake ikaishia hapo. Kiti kilikuwa cha ugavana, lakini mtindo ni ule ule.

Na wenye uraia wa nchi mbili? Mbunge ni afisa wa serikali, na Ibara ya 78 haimruhusu afisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi nyingine, isipokuwa pale ambapo nchi hiyo humfanya raia kwa nguvu ya sheria zake bila yeye kuwa na namna ya kuukataa. Sheria ya Uongozi na Maadili inafafanua kwamba ukichaguliwa, usishike madaraka kabla ya kuukana rasmi uraia huo mwingine. Kuukana uraia ni mchakato wa ubalozi na karatasi zake. Aliye ughaibuni asingoje matokeo ndipo aanze.

Mwalimu, nesi, chifu: Februari ni yenu

Kama unalipwa mshahara na serikali kuu, kaunti au shirika la umma, soma hapa mara mbili. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi kinamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Walimu walioajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, wamo. Wauguzi wa hospitali za kaunti wamo. Machifu, polisi, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, wote wamo. Wabunge, magavana na madiwani walioko ofisini hawaguswi na kifungu hiki. Wengi huliona hilo kuwa uonevu, na mimi naelewa kwa nini: diwani anafanya kampeni huku mshahara wake unaingia, ilhali mwalimu analala njaa nusu mwaka kwa matumaini tu. Kifungu hicho kilipingwa mahakamani, mahakama moja ikakifuta, na Februari 2022 Mahakama ya Rufaa ikakirudisha. Kwa sasa kipo.

Jambo ninalowasihi watumishi wa umma walielewe ni kwamba likizo si kujiuzulu, wala barua iliyolala kwenye droo ya mkuu wa idara si kujiuzulu. Andika barua yenye tarehe, ipeleke kwa mwajiri mwenyewe, upate nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mpinzani wako atakuja kuuliza muhuri huo. Na zungumza na nyumba yako kwanza. Miezi sita bila mshahara, halafu kampeni juu yake, ni uamuzi wa familia nzima.

Chamani au peke yako

Katiba ya 2010 ilitufungulia mlango ambao haukuwapo, kwani ile ya zamani haikumruhusu mtu kuwania ubunge bila kudhaminiwa na chama. Kwa majirani zetu Tanzania, Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki hiyo mahakamani tangu miaka ya 1990 hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipokubaliana naye mwaka 2013, na bado Katiba yao inataka mbunge awe amependekezwa na chama. Huwa nakumbuka hilo ninapowasikia watu wakisema kugombea huru ni kazi ya walioshindwa mchujoni, yaani katika uteuzi wa ndani ya chama.

Njia ya chama nitaipita haraka, kwa kuwa kila chama kina katiba yake na kanuni zake za uteuzi. Unajiandikisha kuwa mwanachama, unalipa ada ambayo chama chenyewe kimeiweka, unaingia mchujoni. Mchujo unaweza kuwa wa wanachama wote kupiga kura, au wa wajumbe, au mkaketishwa mezani mkubaliane, au mwenzako akapewa tiketi ya moja kwa moja ukabaki mdomo wazi. Omba kanuni za uteuzi za chama kabla ya kulipa ada, uzisome, ujue ni njia ipi itatumika katika eneobunge lako.

Tarehe muhimu kwenye njia hii ni ile ya vyama kuwasilisha orodha za wanachama wao. Mwaka 2022 ilikuwa Machi 26. Baada ya hapo huwezi kuruka kutoka chama hiki hadi kile kutafuta tiketi. Mchujo ukamalizika Aprili 22. Aliyeshindwa na bado ana moyo alikuwa amebakiwa na njia moja tu, ya kugombea huru, na ili aipite ilimbidi awe ametoka chamani kufikia Mei 9. Hesabu mwenyewe: siku kumi na saba. Ndani ya siku hizo kuna wanaolia, wanaokata rufaa, wanaoahidiwa kazi wakitulia. Wiki mbili huyeyuka hivi hivi.

Ukiona umedhulumiwa mchujoni, anza na kamati ya chama ya kutatua mizozo. Usikimbilie mahakamani. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa litakuuliza ushahidi kwamba ulijaribu kusuluhisha ndani ya chama kwanza, na ukikosa ushahidi huo wanaweza kukurudisha ulikotoka huku siku zikihesabika. Kutoka kwa jopo, hatua inayofuata ni Mahakama Kuu. Andika malalamishi yako, yapeleke kwa chama, upate muhuri. Neno muhuri litakuchosha katika makala haya, lakini ndilo linalobeba watu.

Ukishapata cheti cha chama, tazama ni nani aliyekitia sahihi. Chama huwasilisha kwa IEBC majina ya maafisa wanaoruhusiwa kuthibitisha wagombea wake, pamoja na mifano ya sahihi zao. Cheti kilichotiwa sahihi na kigogo wa kaunti ambaye jina lake halimo ni karatasi tu, hata kama alikukabidhi mbele ya umati na ngoma zikalia. Imewahi kutokea zaidi ya mara moja watu wawili kufika kwa msimamizi wa uchaguzi, kila mmoja na cheti cha chama kile kile.

Sasa njia ya mgombea huru, ambayo ndiyo iliyonifundisha.

Ibara ya 85 inataka usiwe mwanachama wa chama chochote cha kisiasa kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Unaweza kusema, mimi sijawahi kujiunga na chama maishani. Usiseme hivyo kabla ya kuangalia. Mwaka 2021, Afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilipowawezesha Wakenya kujiangalia mtandaoni, watu wengi mno walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua hata kwa jina. Mtu mmoja wa kijijini kwetu, ambaye hajawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja wa siasa, alijikuta mwanachama wa chama chenye makao kaunti ya mbali. Kwa mpiga kura wa kawaida ni kero. Kwa mwenye nia ya kugombea huru ni shimo, kwa sababu mpinzani wako akiomba sajili ya wanachama, jina lako limo, na ni wewe wa kueleza.

Kwa hiyo ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukurasa wa Msajili wa Vyama, ujiangalie. Ukijikuta mwanachama, jiuzulu kwa maandishi, barua ifike kwa chama na kwa Msajili, kisha urudi kuangalia tena baada ya wiki chache kuona kama jina limeondolewa. Lifanye mwaka huu, si Aprili 2027.

La pili ni alama. Mgombea wa chama hutumia alama ya chama chake. Mgombea huru huchagua yake na kuiwasilisha kwa Tume angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, yaani siku ya Tume kupokea karatasi. Tume itaikataa ikifanana na ya chama au ya mgombea mwingine, au ikiwa ya matusi. Chagua kitu ambacho bibi asiyejua kusoma atakitambua kwa mbali, kikiwa kimechapishwa kidogo, bila rangi. Mama wa nafaka alitaka gunia la mahindi. Likichapwa dogo lilionekana kama jiwe. Akabadilisha akachukua kipimo cha debe, nacho kilionekana vizuri.

La tatu ni sahihi. Kwa Bunge la Taifa ni wapiga kura 1,000 wa eneobunge, kwa Seneti ni 2,000 wa kaunti. Tume huitaka orodha kwenye karatasi, yenye majina, nambari za vitambulisho na sahihi, na pia nakala ya kompyuta. Haya ndiyo ambayo ningemwambia yule mama kama ningepewa nafasi tena. Usikusanye sokoni, wala stendi, wala mazishini, kwa sababu huko watu hutoka kila mahali. Kusanya kwa vituo vya kupigia kura. Mpe kila wakala wako kituo kimoja, akae na watu wanaopigia kura pale, asiwaulize wanaishi wapi bali wanapigia kura wapi, maana mtu anaweza kuwa amehamia hapa miaka kumi na kura yake bado iko kwao. Nambari ya kitambulisho iandikwe kwa kukitazama kitambulisho chenyewe, isitamkwe kwa kichwa. Epuka waliomo katika sajili za vyama, ili usimpe mpinzani pa kushika. Kisha kusanya zaidi, na zaidi kwa kweli. Mimi singeingia afisini nikiwa na chini ya 1,400. Ziada ya kumi na sita haikutusaidia kitu.

Siku ya karatasi

Mwaniaji wa Bunge la Taifa huenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge. Mwaniaji wa Seneti na wa kiti cha Mwakilishi wa Kike huenda kwa msimamizi wa kaunti. Wale wabunge 12 wa kuteuliwa, na maseneta wa kuteuliwa, hawapiti hapa. Majina yao huletwa na vyama katika orodha, na viti hugawanywa kulingana na viti ambavyo chama kimeshinda.

Chini ya kanuni za 2012, ada ya Bunge la Taifa ni shilingi 20,000, na ya Seneti 50,000. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu: 10,000 na 25,000. Kijana kwa mujibu wa Katiba ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Thibitisha viwango kwenye tangazo la Tume, na uulize mapema ni njia gani ya malipo wanayokubali. Kufika na noti pale ambapo hundi ya benki inahitajika, saa tisa na nusu, ni hali nisiyomtakia mtu yeyote.

Faili yako ibebe karatasi ya uteuzi iliyojazwa, kitambulisho au pasipoti ile ile uliyotumia kujiandikisha kuwa mpiga kura pamoja na nakala yake, cheti cha chama au orodha ya wanaokuunga mkono, tamko la kisheria ulilolitoa kwa kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, fomu ya kujitangaza ya Sheria ya Uongozi na Maadili, kanuni za maadili ya uchaguzi zilizotiwa sahihi yako, na picha. Fomu ya kujitangaza ina maswali kuhusu kesi, kodi na mienendo yako. Ijaze mwenyewe, kwa ukweli. Uongo katika fomu hiyo ni kosa peke yake, hata kama jambo lenyewe ulilolificha lisingekuzuia.

Kanuni za maadili wengi huzitia sahihi bila kuzisoma. Zisome. Ndizo zinazoipa Tume uwezo wa kukuita na kukutoza faini wafuasi wako wakizua fujo, na sahihi yako ndiyo inayosema ulizijua.

Jina ni jambo jingine dogo lenye uzito. Liwe lile lile, kwa mpangilio ule ule, kwenye kitambulisho, kwenye sajili ya wapiga kura, kwenye cheti cha chama na kwenye tamko la kisheria. Tofauti ya herufi moja inaweza kuelezeka, lakini maelezo hula muda, na dirisha la kupokea karatasi ni saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa nane hadi saa kumi jioni. Ukiweza, nenda siku ya kwanza. Ukirudishwa kwa kasoro, utakuwa na kesho.

Ukikataliwa, au akikubaliwa asiyestahili

Msimamizi wa uchaguzi akikukatalia, mwombe sababu kwa maandishi kabla hujaondoka. Malalamishi kuhusu uteuzi hupelekwa kwa kamati ya Tume ya kutatua mizozo, nayo hutakiwa kuamua ndani ya siku kumi tangu malalamishi yawasilishwe. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu. Njia hiyo hiyo ndiyo ya raia anayeona kwamba mtu fulani ameidhinishwa kimakosa, iwe ni mtumishi wa umma ambaye hakujiuzulu au mgombea huru ambaye jina lake bado limo katika sajili ya chama.

Usingoje matokeo ndipo uulize kama mshindi alistahili kuwania. Mwaka 2019, katika kesi ya ugavana wa Wajir iliyohusu masomo ya gavana, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mizozo ya uteuzi inapaswa kumalizwa na Tume au na jopo la vyama kabla ya uchaguzi. Aliyenyamaza wakati huo huwa na kazi ngumu sana akija kuzungumza baada ya kura.

Mambo yakienda sawa, utapewa cheti kuonyesha kwamba umeidhinishwa. Kisome ukiwa bado mbele ya meza: jina, eneobunge, chama au alama. Kisha majina ya wagombea huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Litafute toleo hilo, ukague tena, kwa sababu ndilo linaloelekea kiwandani kuchapa karatasi za kura, na kosa likionekana wakati huo bado kuna siku za kulirekebisha.

Mama wa nafaka ameniambia atajaribu tena. Mwezi uliopita aliniletea daftari la mistari, ameligawa kwa vituo vya kupigia kura, kila kituo kurasa zake. Kwenye kituo cha shule ya msingi iliyo karibu na daraja ameandika kwa wino mwekundu: hapa tuulize kila mtu mara mbili.